Wito haupangiwi bei

Kazi yangu ya mchana ni kulinganisha. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kagongwa ninakaa kati ya mkulima na mnunuzi. Ninachota mchele kiganjani, ninaangalia urefu wa punje, wingi wa chenga, mawe, unyevu na weupe. Mchele wa huyu ninauweka kando ya mchele wa yule, na bei inapatikana. Msimu ukifika, majaruba yakishavunwa na malori yakapanga foleni kandokando ya barabara ya Isaka kwenda Kahama, ninaifanya kazi hiyo tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa. Ni kazi halali. Inalisha nyumba yangu, na mkulima hapunjwi pale sampuli inaposhikwa na mtu mwaminifu.

Jumapili ninavaa kanzu ya katekista. Padre wetu ana vigango vingi na hawezi kutufikia kila wiki. Asipofika, mimi ndiye ninayeongoza ibada, ninayeifafanua Injili, ninayewaandaa wakatekumeni. Mtu akifariki, ninaitwa kusali kaburini. Huku kwetu Usukumani watu hawamwiti katekista kwa jina, wanamwita mwalimu, nami nimezoea kugeuka nikisikia neno hilo sokoni. Nimezishika kazi hizi mbili muda wa kutosha kuona kwamba ile ya kwanza ikiingia ndani ya ile ya pili, inaiharibu.

Mchele tunaulinganisha ili tupate bei. Hakuna anayeushika mkononi na kuuweka kando ya mwingine kwa kujifurahisha. Basi Mkristo anapouweka wito wake kando ya wito wa mwenzake, anachotafuta ni kujua yeye anauzwa kiasi gani. Hapo ndipo ninapokataa. Wito hauna mnunuzi. Kuna Mungu aliyeita, kuna Kanisa linalotuma, na kuna watu wanaosubiri kuhudumiwa, na katika hao wote hakuna hata mmoja anayeuliza jirani yako amefika wapi.

Kulikuwa na binti katika kigango chetu aliyekuwa akifundisha watoto wa Utoto Mtakatifu. Alikuwa na kipaji ambacho mimi sina. Mtoto aliyeletwa akilia, muda si mrefu alikuwa anaimba na wenzake. Watoto waliotoka nyumba zinazozungumza Kisukuma tu walijifunza kwake Baba Yetu kwa Kiswahili, wakaenda kuwafundisha bibi zao. Kisha akaacha kuja. Watoto walifika, wakakaa kwenye mabenchi wakitazama mlangoni, wakaondoka. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile.

Nilikwenda kwao jioni. Nilimkuta akikusanya mpunga uliokuwa umeanikwa kwenye turubai.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Watoto wanakuulizia."

Aliendelea kukusanya mpunga kitambo, kisha akasema bila kuinua uso: "Mwalimu, yule niliyemaliza naye kidato cha nne sasa anahubiri Mwanza. Ana watu uwanjani, ana watu kwenye simu, wanamwita mtumishi. Mimi niko hapa na watoto wanaojikojolea. Nikijiangalia naona sikuitwa. Nilijipa kazi tu."

Maneno hayo yameniuma hadi leo, kwa sababu binti huyo hakuwa mvivu wala hakuwa na kiburi. Alikuwa amefundishwa na macho yake kwamba wito unahesabiwa kwa wingi wa masikio. Nilimuuliza nani alimkabidhi wale watoto. Akasema paroko. Paroko ameshakuambia basi inatosha? Hapana. Watoto wenyewe wamekuambia wamekuchoka? Akacheka kidogo. Nikamwambia, basi hakuna aliyekufukuza, umejifukuza mwenyewe kwa ajili ya mtu aliye Mwanza ambaye hata hajui kuwa umeondoka.

Hakunijibu siku ile. Alirudi wakati wa Kwaresima, na sidai kuwa ni maneno yangu yaliyomrudisha. Nilisikia baadaye kuwa mama mmoja alikwenda kwake kumwomba amfundishe mwanawe kusali, kwa kuwa bibi wa mtoto alikuwa mgonjwa na alitaka kuombewa na mjukuu wake. Sasa binti huyo ameolewa upande wa Kakola, na huko nako anafundisha watoto.

Jambo hili linatupata sana sisi wa ukanda huu, na ninadhani ninaijua sababu. Tumekulia mahali ambapo maisha ya mtu hubadilika usiku mmoja. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, ambao ulikuwa hapa jirani yetu kabisa, ulizalisha kuanzia 2009 hadi ulipofungwa 2021. Kabla ya migodi hiyo mikubwa na pembeni yake kulikuwa na bado kuna wachimbaji wadogo. Ikisikika kwamba duara la fulani, yaani shimo lake la dhahabu, limetema, vijana wanaacha mashamba na madawati wanakimbilia huko. Jirani aliyekuwa akikopa unga anarudi na pikipiki mpya. Sisi tulioshuhudia hayo tangu utotoni tumejenga jicho la kuuliza kila siku nani ametoboa na nani amebaki. Jicho hilo hatuliachi mlangoni pa kanisa. Tunaingia nalo kwenye kwaya, kwenye umoja wa wanawake Wakatoliki, WAWATA, kwenye baraza la walei. Tunalitumia kumpima mhubiri wa mkutano wa hadhara na mama anayefua vitambaa vya altare, kwa kipimo kilekile.

Simu imeongeza makali. Zamani mtu alijilinganisha na mwimbaji wa kigango cha pili. Leo anajilinganisha na wahubiri wa Lagos, Nairobi na Dar es Salaam, waliochaguliwa dakika zao bora, wakapigwa picha na mafundi, wakawekwa mkononi mwake saa tano za usiku akiwa amechoka. Mwanakwaya wetu anarekodi wimbo chini ya mwembe, anautazama, anautazama wa wengine, kisha anaufuta.

Injili ya Yohane inafunga kwa habari inayotuhusu moja kwa moja, nami huwafundisha wakatekumeni sura yake ya 21 taratibu kuliko nyingine. Yesu amefufuka, wako kando ya ziwa, wameshakula samaki. Petro ameulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na mara tatu amekabidhiwa kondoo. Ameambiwa hata namna atakavyokufa. Baada ya hayo yote anageuka, anamwona yule mwanafunzi mwingine akiwafuata nyuma, na anauliza habari zake: na huyu itakuwaje? Yesu anamwambia kwa ukali wa upendo kwamba hilo halimhusu. Yeye afuate.

Ninachowaonyesha wanafunzi wangu ni huyo anayeuliza. Hakuwa mdogo katika kundi. Petro ndiye aliyekuwa ametoka kupewa dhamana kubwa kuliko wote, naye bado shingo ilimgeuka. Kwa hiyo anayedhani kwamba akipata jukwaa kubwa zaidi atapona ugonjwa huu, aisome sura hiyo tena. Mwenye watu elfu anamtazama mwenye elfu kumi. Kidonda hiki hakiponi kwa kupandishwa cheo.

Kwa sisi makatekista kidonda kina jina lake. Wapo wanaomtazama katekista kama mtu aliyekosa upadre. Nimeulizwa na watu wenye nia njema kabisa kwa nini sikwenda seminari, kana kwamba ninachofanya ni chumba cha kusubiria ambamo nimesahaulika. Anayefikiri hivyo ningependa amfahamu mtu mmoja wa magharibi mwa nchi yetu.

Adrian Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860 upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, tunaowajua kwa jina la White Fathers, walimkomboa kwa kulipa fedha. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango wa kuwafundisha vijana Waafrika utabibu ili wawe waganga wa mwili na walimu wa dini kwa pamoja. Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusoma. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, baada ya safari ndefu ya msafara kutoka pwani. Alikaa Karema akitibu na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1956.

Hiyo ni miaka 67. Wajerumani walikuja wakatawala, wakaondoka. Waingereza wakaingia. Alipofariki ilikuwa imebaki miaka mitano tu Tanganyika ipate uhuru. Mapadre na maaskofu walipita na kubadilishana zamu, na yeye alibaki kuwa daktari katekista wa Karema, mtu mwenye mke na watoto. Mwanawe, Joseph, akapata upadre, na baba akabaki katekista. Huwa nafikiria jambo hilo ninapoulizwa habari za seminari. Nyumba moja, wito wa baba ukiwa tofauti na wa mwana, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili uliokuwa hatua ya kuufikia mwingine.

Leo hospitali ya jimbo kule Sumbawanga inaitwa kwa jina la Dk. Atiman, na Dar es Salaam kuna nyumba ya Kanisa inayoitwa Atiman. Simtaji kwa sababu ya majengo hayo. Kama asingekuwa na jengo hata moja, miaka 67 ya kufunga vidonda vya watu wa Karema ingekuwa kamili vilevile. Mtoto aliyeporwa kwao, akafanywa bidhaa, akapangiwa bei sokoni kwa maana halisi kabisa ya neno hilo, ndiye aliyeweza kuishi maisha yote mahali pamoja akitumikia watu wasio wa kabila lake wala wa nchi yake. Mimi huwaambia vijana: mtu huyo ndiye wa kumsikiliza katika habari ya thamani ya mwanadamu.

Tuna mfano mwingine pia, wa karibu zaidi na vijana kwa umri. Kaskazini mwa Uganda, mwishoni mwa 1917, kijana Mwacholi Daudi Okello aliomba apelekwe kijiji cha Paimol kuchukua nafasi ya katekista aliyekuwa amefariki. Alipewa msaidizi, Jildo Irwa, ambaye alikuwa bado mtoto. Daudi alipiga ngoma alfajiri kuwaita watu kwenye sala na mafundisho. Jildo aliwakusanya watoto kwa michezo. Oktoba 1918 waliuawa wote wawili kwa mikuki, na inasimuliwa kwamba Jildo alipewa nafasi ya kwenda zake akakataa kumwacha mwenzake. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenyeheri. Msaidizi wa katekista wa kijijini, aliyechezesha watoto ili mwingine afundishe! Ukitaka kupanga huduma kwa daraja, huyo ungemweka wapi? Kanisa limewaweka pamoja, majina mawili katika sentensi moja, na wanaadhimishwa siku moja.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, na ni hoja nzuri. Watasema ukimwambia mtu asijilinganishe, unampa mvivu mahali pa kujificha. Ni kweli wapo. Nimemwona katekista anayeingia kwenye ibada bila kusoma masomo, na akiulizwa anasema kila mtu ana karama yake. Huyo asijifunike na makala hii. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo, kwa hiyo kumwiga aliye bora ni jambo la Kikristo. Mimi mwenyewe kuongoza mazishi nilijifunza kwa mzee mmoja wa kigango cha jirani. Nilikwenda nikasimama nyuma yake, nikatazama anavyoanza kwa kuwasalimia wafiwa kwa lugha yao, anavyonyamaza pale panapotakiwa kunyamaza, anavyokataa kuharakishwa na wenye magari. Nilikuwa ninatazama anafanyaje, nikarudi nyumbani nina kitu cha kufanya. Anayejilinganisha anatazama yuko juu yangu au chini yangu, na anarudi nyumbani amevimba au amevunjika, hana cha kuwapa watu wake.

Pia sitaki mtu anielewe kwamba ujasiri katika wito ni kujiamini tu. Kwenye barabara yetu hii si ajabu kuona bango jipya la mtu aliyejitangaza nabii, na anayejiamini kweli. Mwaka 2023 majirani zetu Wakenya walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wengi wao wakiwa watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Kuwa na uhakika hakutoshi. Mimi nina paroko anayeweza kunisimamisha, nina kamati ya kigango inayoniuliza maswali, nina waumini wanaonijua nyumbani kwangu na kazini kwangu. Ujasiri wangu unaegemea hapo. Nikiamka asubuhi nikiwa sijisikii chochote, bado nimetumwa. Ndiyo maana ujasiri huo hautegemei nimehubiri vizuri kiasi gani, wala fulani amehubiri vizuri kuliko mimi.

Na kutumwa huko kumeandikwa. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua iliyoweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote, huduma ya walei yenye ibada yake ya kuwekwa. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi sana, nikawasomea wenzangu wa kigango. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu shughuli za kimisionari, ulikuwa umeshawasifu makatekista kwa jasho lao. Watu wa kwanza kuliamini neno hilo wanapaswa kuwa makatekista wenyewe.

Lakini lipo la kuwaambia viongozi wetu pia, Wakatoliki na wa madhehebu mengine, kwa sababu ninajua AICT, KKKT na Wapentekoste wa hapa wana wazee wa kanisa na walimu wa shule ya Jumapili walio katika hali ileile. Tunawafundisha watu wasijilinganishe, kisha tunapanga ibada nzima kwa namna inayowalinganisha. Aliyetoa magunia anasimamishwa na kupigiwa makofi, kisha anatambulishwa pamoja na ndugu zake waliotoka Kahama mjini. Mama anayefagia kanisa kila Jumamosi hatajwi hata siku ya somo wake. Mchango mkubwa unasomwa kwa jina na kiasi, mdogo unasomwa kama "na wengineo". Mgeni mwenye cheo anakaribishwa mbele, na katekista mstaafu mwenye magoti mabovu anatafuta nafasi nyuma. Halafu tunashangaa kijana akiacha darasa la watoto kwenda kutafuta mahali atakapoonekana.

Ninaomba mambo machache, na hayahitaji fedha nyingi. Majina ya wanaofundisha watoto, wanaotembelea wagonjwa na wanaofua vitambaa vya altare yatajwe kwenye sala ya waumini, hadharani, kwa zamu. Anayepewa huduma apewe mbele ya waumini wote, padre au mchungaji akimwombea, ili siku akianza kujiuliza kama aliitwa awe na kumbukumbu ya kushika. Na katekista anayetembea vijiji vitatu apatiwe baiskeli. Kigango kinachoweza kujenga mnara wa kengele kinaweza kununua baiskeli.

Kwako wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa na huduma yako mkononi, hata kama ni kuwasha jenereta ya kanisa au kumsomea Biblia mzee asiyeona, nina ombi moja. Watu uliokabidhiwa wana majina, na unayajua. Jumapili hii nenda kwao kwa saa uliyozoea, ukiwa umejiandaa. Na kama uliliacha darasa lako kwa sababu ulimtazama mwingine, rudi. Hakuna aliyewekwa mahali pako.